Jina la Aliyeshika Kiboko

Onesmus Gathogo alipigwa kiboko hadi akafa, na wakati huo hata mama yake mzazi alikuwa hajazaliwa.

Ukishangaa, basi hukulelewa kwetu Nyeri. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na halitolewi ovyo kama koti la kurithi. Ni babu mwenyewe karudi, na nyumba nzima inamchukulia hivyo. Nyanya yake, Cucu Nyakio, alimwita "mume wangu" tangu akiwa mchanga wa kunyonya. Alimwekea mnofu mkubwa, alimlalamikia kwamba paa linavuja, na akimkasirikia alimnunia vile mke anavyomnunia mume. Halafu jioni, baridi ya Kieni ikiingia, alimkumbusha alivyouawa.

"Ulifungwa mikono kwenye nguzo ya josho la kondoo," alikuwa akimwambia, na mume mwenyewe ana miaka saba na mdomo umejaa viazi. "Shati lilichanika kwanza, kisha ngozi. Ngozi ilipokwisha kiboko kikawa kinagonga mfupa, na mlio ukabadilika. Mimi nilikamatwa nywele nikaambiwa nitazame. Hukulia. Ulitapika damu, ukaniangalia, ukafa."

Ilikuwa enzi ya Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na Gathogo alishukiwa kuwapelekea unga. Shamba lilikuwa la mlowezi mmoja ambaye jina lake lilitajwa katika nyumba ile mara nyingi kuliko jina la Yesu: Hudson Garforth. Baada ya uhuru Garforth alifunga virago akarudi kwao, akawaachia nguzo na kaburi. Basi mtoto akakua na jina hilo limemkwama kooni. Shuleni alipigana na kila aliyemgusa mgongo. Alipokuwa kijana alimvunja taya mwanamume mmoja pale sokoni Naro Moru kwa sababu alimwona akimchapa punda. Hasira hasara, wazee walimwambia. Akawajibu kwamba yeye hasara alishaipata kabla ya hasira.

Sasa mchukue mtu huyo, mvike sare ya mlinzi, mkalishe kwenye meza ya mapokezi ya mnara mmoja wa Jumeirah Lake Towers, mwaka wa 2016. Alikuja Dubai kutafuta riziki kama sisi wengine wote, na kwa miaka kadhaa alifungua milango, akasema yes sir, yes madam, akalala. Asubuhi moja akaja mpangaji mpya, Mwingereza mrefu wa makamo, mhandisi, uso umeiva kwa jua. Akaweka kitambulisho juu ya meza. Onesmus akasoma: Hudson Garforth.

Alimpa kadi ya lifti, akamwambia karibu sir, kisha akaenda chooni akaweka kichwa chini ya bomba.

Munir, mwenzake wa zamu, kijana wa Mombasa, alimkuta ameinamia sinki akataka kujua kulikoni. Alipoelezwa alicheka, na wala hakucheka kwa ubaya. Alisema kwao wajina ni wengi kuliko kunguru, yeye mwenyewe anawajua akina Munir chungu nzima na hakuna hata mmoja aliyewahi kufungwa kwa kosa la mwenzake. "Jina si mtu, ndugu yangu," akamwambia. Onesmus alimkaba koo akampigiza kisogo kwenye kioo mpaka kioo kikaingia ufa na damu ikachuruzika juu yake. Kisha akamwachilia, akaanza kumwomba radhi. Munir, Mungu ambariki, hakumshtaki. Msimamizi alipouliza, alisema aliteleza.

Lakini Onesmus hakuwa mwehu. Nalisema hili wazi kwa sababu mjini hapa wengi wamemwita mwehu, watu ambao hawakumjua. Alikuwa ameokoka, alijua kwamba damu ya asiye na hatia hulia kutoka ardhini, na hakutaka kumgusa mtu asiyehusika. Alitaka uhakika wa jambo moja tu: huyu ni mjukuu wa yule, au siye? Akiwa siye, angemfungulia mlango kila asubuhi na kumtakia siku njema. Akiwa ndiye, basi kile kiboko kingerudi kwa mwenyewe. Ndipo akamwendea Phyllis.

Phyllis alikuwa mwanamke wa Murang'a waliyesali naye kanisa moja. Alifanya kazi za nyumbani kwa ajuza mmoja wa Kiingereza, mjane, huko Umm Suqeim, na kazi ya ajuza yule tangu asubuhi ilikuwa kutafuta wafu. Wafu wake mwenyewe, nakuambia. Alikuwa amejiunga na tovuti ambamo Waingereza wamepakia vitabu vyao vya kale: rejista za parokia, nani alibatizwa, nani alioa, nani alizikwa, na sensa zao za kila miaka kumi, nyumba kwa nyumba, baba na mama na watoto na mtumishi, na kila mmoja kazi yake. Macho yakimchoka madam, Phyllis ndiye aliyemsomea. Wafu wale aliwajua sasa kama majirani, akijua yupi alikuwa mlevi na yupi alizaa nje.

Aliposikia haja ya Onesmus nusura akatae. Halafu akafikiri kwamba mtu wa aina hii ni afadhali ajue kuliko abaki akidhani. Kwa madam alieleza nusu tu, kwamba kuna Mkenya anamtafuta Mwingereza fulani wa zamani. Ajuza alifurahi kupita kiasi, akadhani ni mambo ya damu mchanganyiko, akaleta chai na biskuti na kumvutia mgeni kiti karibu na kompyuta.

Wakampata. Haikuwa kazi ngumu, kwani hilo si jina la kukutana nalo kila kona. Sensa ya 1911, kijiji kimoja cha Yorkshire: baba mhunzi, mkewe, mabinti wawili, na mwana wa miaka minne anayeitwa Hudson. Rejista ya parokia ikaonyesha alivyobatizwa. Orodha ya abiria wa meli ikamwonyesha tena, kijana sasa, anashukia Mombasa, kazi yake mkulima. Onesmus aliweka kidole gumba juu ya skrini, juu ya mtoto yule wa miaka minne, akakandamiza mpaka rangi za skrini zikavurugika. Ajuza akaacha kutafuna biskuti. Alimtazama Phyllis, Phyllis akatazama chini.

Hapo njia ikakatika. Waingereza hufungia sensa zao miaka mia moja kabla ya kuwaonyesha watu, kwa hiyo baada ya ile ya 1911 hapakuwa na nyingine ya kutazama. Kama Hudson alizaa, watoto wake walikuwa bado wamefungiwa, na wajukuu ndiyo usiseme. Madam alisema hata hivyo iko njia. Angemwandikia karani wa parokia ile, mzee anayejitolea kutunza vitabu vya ndoa na maziko, amwombe aangalie. Jibu lingechukua wiki kadhaa, maana wazee wa parokia hawaharakishwi.

"Lingoje hilo jibu," Phyllis alimwambia wakiwa kituo cha basi. "Umengoja maisha yako yote, Onesmus. Ngoja na hili."

Akaahidi. Lakini kichwani alikuwa ameshauruka huo ukuta wa miaka mia, na alichourukia ni mila yetu. Mlowezi aliitwa Hudson. Mwana wa mlowezi atampa mtoto wake wa kwanza jina gani? Hudson, kwani kuna lingine? Hesabu hiyo kwetu haihitaji kalamu. Ukitaka kumjua babu ya mtu, uliza mtu anaitwa nani. Phyllis alimweleza kwamba Wazungu hawana mpango huo, mtoto wao hupewa jina lolote linaloingia akilini mwa wazazi. Alimsikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa. Hakuna watu duniani wasiowarudisha babu zao, alisema. Wengine hawasemi tu.

Usimcheke. Mtu aliyeitwa mume na nyanya yake tangu kuzaliwa, ulitaka afikirije?

Mwishoni mwa juma alikwenda Rashidiya kwa ndugu yake Nick, mhudumu katika hoteli moja upande wa uwanja wa ndege. Nick Ndegwa alikuwa mwana wa pili, na kama ilivyo desturi alibeba jina la babu mzaa mama, mzee Ndegwa, ambaye alikufa kitandani mwake kwa uzee huku watu wakimwimbia nyimbo za kanisa. Onesmus ndiye aliyemvusha kuja Dubai. Alimpenda, na yule naye alimfuata kakake kwa kila jambo, hata kwa hasira. Aliposikia habari ya Garforth aliruka kitandani akapiga ukuta ngumi, akasema mikono ikihitajika miwili mingine, ya kwake hii hapa, na wampasue yule mzungu hadi aone alichokiona guka, babu yao.

Wakampigia Cucu simu. Alikuwa na miaka themanini na zaidi, lakini masikio yalikuwa mazima. Onesmus alimwambia kwamba amempata Garforth, amerudi kwa jina lile lile, analala ghorofa ya juu ya meza yake. Alitarajia vigelegele. Kwa muda akasikia kuku tu, wa kule nyumbani.

"Uko na nani hapo?" Cucu akauliza.

"Niko na Nick."

"Huyo Mzungu mwache," akasema. "Ukija nyumbani tutaongea, mimi na wewe." Akakata simu.

Ndugu wawili wakatazamana. Nick alisema uzee umemtia woga. Onesmus alisema hapana, mke hapendi mumewe auawe mara ya pili, na hilo ndilo linalomtisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, methali ya kila siku hiyo, lakini nani huikumbuka kabla ya mguu?

Siku zikapita na jibu la Yorkshire halijaja. Kila asubuhi Garforth alipita mbele ya meza. Hakuwa mtu mbaya na hakuwa malaika. Alikuwa mtu wa kuitikia salamu akiwa amelala vizuri, na kukupita akiwa hakulala. Onesmus aliangalia mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa yenye madoadoa, na alipokamata mkoba wa ngozi mishipa ilisimama. Alianza kuiota. Munir alimwona akinong'ona peke yake, akamwomba achukue likizo, akaambiwa ashike lake.

Kisha ikaja ile alasiri. Rafiq, mfagiaji wa Kibangladeshi, mtu mdogo mpole, alikuwa akipiga deki mbele ya lifti. Mlango ukafunguka, Garforth akatoka kwa kasi na simu sikioni, akakanyaga ndoo, maji machafu yakamlowesha viatu na suruali. Akamkamata Rafiq ukosi, akamsukumiza ukutani. Kichwa cha Rafiq kiligonga marumaru, ko. Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Garforth mwenyewe alishtuka, akamwachia, akasema samahani, akateremka kwa ngazi kuelekea maegesho ya chini akiwa bado anazungumza kwa simu.

Onesmus hakuisikia hiyo samahani. Aliisikia ile ko. Alisimama, akavua mkanda wake wa kazi, ule mpana wenye chuma kizito mbele, akaufuata mlango wa ngazi.

Alimkuta anatafuta funguo kando ya gari. Hakumuuliza kitu. Pigo la kwanza lilimpata Garforth begani, la pili shingoni, na la tatu lilichana shati. Garforth aligeuka akarusha ngumi, na si ngumi ya mchezo, ilimng'oa Onesmus jino. Hilo ndilo lililomalizia akili iliyobaki. Alimshika nywele akampigiza uso kwenye boneti, akamburuta mpaka kwenye nguzo ya zege, akamkandamiza kifua hapo, akaanza kuchapa mgongo. Alichapa kwa utaratibu, juu kwenda chini, kama alivyosimuliwa. Alichapa mpaka shati jeupe likawa vipande na vipande vikawa vyekundu. Kila pigo alilitajia jina. "Gathogo," alisema. "Mimi ni Gathogo. Gathogo."

Garforth alilia. Alisema kwa Kiingereza kwamba hamjui, kwamba amemfananisha na mtu mwingine, kwamba achukue saa, achukue gari. Onesmus alimjibu, "Hata mimi niliwaambia mmenifananisha." Mtu yule akajitahidi kugeuka ili amwone usoni. Mkanda ulikuwa tayari uko hewani, na upande wenye chuma ukatangulia. Ulimpata kwenye jicho la kulia.

Munir aliona kwenye skrini za ulinzi, akashuka ngazi akiruka. Yeye na waosha magari wawili walimvuta Onesmus, na hata hivyo aliwaburuta wote watatu hatua kadhaa. Garforth alikuwa amepiga magoti, kiganja kimefunika jicho, na kilichokuwa kikipita kati ya vidole si damu peke yake. Onesmus alipokiona alitulia ghafla. Akaketi sakafuni, akanyoosha mikono kungoja pingu.

Jicho lile halikupona. Kesi haikuwa ndefu kwani kamera ilikuwa imeona kila kitu. Alihukumiwa kifungo, na akimaliza arudishwe kwao asikanyage tena nchi ile. Garforth alikuja mahakamani na bandeji, akaruhusiwa kusema. Watu walitarajia maneno makali. Aliuliza swali moja, mkalimani akalitafsiri: "Nilikufanyia nini?" Onesmus aliinua kichwa kumjibu, maana jibu alikuwa nalo tangu ana miaka saba, akaitazama ile bandeji, akakiinamisha tena. Hakimu akaendelea.

Phyllis alikuja kumwona gerezani. Walikaa huku na huku kwenye kioo, kila mmoja na mkono wa simu. Alikuwa amekonda. Alimwambia kwamba jibu la karani wa parokia lilifika juma moja baada ya yale mambo. Hudson Garforth wa Kenya alirudi kijijini kwao, akaishi peke yake, akazikwa karibu na baba yake mhunzi. Hakuoa. Hakuzaa. Ndugu zake walikuwa wale dada wawili tu. Na tena karani alieleza jambo ambalo hata madam alilijua lakini hakuna aliyemuuliza: watu wa upande ule walikuwa na desturi ya kumpa mtoto jina la ukoo wa mama yake liwe jina lake la kwanza. Mke wa mhunzi alizaliwa kwa akina Hudson. Mama wa huyu wa Dubai naye alizaliwa kwa akina Hudson, wengine kabisa, wa mbali. Hilo Garforth mwenyewe alimweleza wakili, akaongeza kwamba akina Garforth wake si wa kijiji kile na hajawahi kuwa na jamaa yeyote Afrika.

"Nilikuambia ungoje," Phyllis alisema. Akalia, na Onesmus akamtazama akilia bila kuweza kumfuta machozi. Aliomba jambo moja tu, ruhusa ya kumpigia Cucu simu. Ilichukua muda, lakini aliipata.

Cucu alikuwa ameshaambiwa. Hakumwita mume wangu. Alimuuliza kama yuko peke yake, akasema ndiyo, askari tu asiyejua Kikuyu. Mwanamke yule mzee akapumua, akasema aliyonyamazia tangu uhuru.

"Garforth aliamuru. Hilo ni kweli, na Mungu atamuuliza. Lakini Garforth hakushika kiboko, alisimama kando na mbwa wake. Aliyeshika kiboko alikuwa homugadi, askari mgambo wa Waingereza, naye mtu wetu, kijana wa ng'ambo ya mto. Alipiga mpaka akaona joto akavua koti. Ni Ndegwa."

"Ndegwa yupi?"

"Baba wa mama yako."

Cucu aliendelea, polepole, na hakuficha kitu. Alisema uhuru ulipokuja watu waliokuwa wakiuana walijikuta wanachota maji kisima kimoja. Wazee wakaita mkutano, wakachinja kondoo, wakaapisha kila mtu kwamba majina ya walioshika viboko hayatatajwa tena. Lawama yote akatwikwa Mzungu, kwa sababu alikuwa ameondoka na haikumwumiza. Halafu mwanawe, baba ya Onesmus, akampenda binti ya Ndegwa. Yeye Cucu angesema nini, na alikuwa ameapa? Alikwenda arusini. Alikula nyama ya Ndegwa. Na mwana wa pili alipozaliwa wakampa amshike, wakamwambia huyu ni Ndegwa.

"Nikamshika," alisema. "Nilimwogesha, nikamlisha. Kila nikimwita jina nilimeza mate kwanza."

"Mbona hukuniambia, Cucu? Mbona ulinilisha jina la Garforth miaka yote hiyo?"

"Ningekuambia la kweli, ungemuua ndugu yako kwenye titi la mama. Nilikupa Mzungu ili usitafute mtu wa karibu. Sikujua utamkuta."

Askari akagonga meza, yalla, khalas, muda umekwisha. Simu ikarudishwa mahali pake.

Kuanzia siku hiyo Onesmus hakula vizuri. Aligombana na mfungwa mmoja juu ya blanketi, akakunja ngumi, akaikunjua mwenyewe. Mwili ulitaka kupiga na hakujua tena upige wapi. Alijaribu kumfikiria Nick akiwa mdogo, akimfuata na kaptura imepasuka, na kila mara mkono wa yule mtoto ulikuwa umeshika kitu. Aliomba, akaona maombi yanagonga dari.

Siku ya kutembelewa Nick akaja. Alikuwa amevaa sare ya hoteli, hakupata nafasi ya kubadilisha. Alikaa, akanyakua simu, akaanza kuongea kabla Onesmus hajaiweka yake sikioni vizuri. Alikuwa ametoka kwa Phyllis, amesikia habari za karani. Sawa, walikosea, pole kwa yule mzee wa watu. Lakini mambo hayajaisha. Wale dada wawili wa kwenye sensa, si waliolewa? Si walizaa? Phyllis amekataa kusaidia, lakini tovuti ni ya kulipia tu, atajiunga mwenyewe, atafuata ndoa zao kwenye rejista ya parokia mpaka awafikie walio hai. Amekwisha kuanza. Mmoja alionekana alihamia mji fulani, na ana wajukuu, na wajukuu wana picha mtandaoni. Kuna mmoja amefungua mkahawa. Alizungumza macho yakimng'aa, ngumi ikigonga meza polepole.

"Bro, damu ni damu," Nick alisema. "Wewe umefungwa, mimi niko nje. Nitaimaliza."

Onesmus alimtazama. Angeweza kumwambia aache tu, kama Cucu alivyomwambia yeye, na alijua vizuri neno hilo lilimsaidia nini. Aliona mtu mwingine asiyemjua, mwenye mkahawa, amepiga magoti na kiganja kwenye jicho. Kilichobaki kumzuia Nick kilikuwa kitu kimoja, na kitu hicho kingemvunja.

"Hudson Garforth hakumpiga guka," alisema.

"Nani basi?"

Akamwambia. Alimwambia yote, josho, koti lililovuliwa, kondoo wa wazee, arusi, nyanya aliyemeza mate. Hakutua, kwa sababu alijua akitua hatarudia. Nick alitabasamu mwanzoni, akidhani kakake amepandwa na homa ya gereza. Tabasamu likakaa usoni muda mrefu baada ya kukosa kazi. Ngumi iliyokuwa ikigonga meza ikaacha. Akaitazama, akaifungua, akaitazama tena.

"Mimi ndiye Ndegwa," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye Gathogo."

Wote wawili walilelewa nyumba moja, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nick alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Sauti yake ilipokuja simuni ilikuwa ya chini, ya mtoto mdogo anayemwuliza kakake kama giza lina kitu.

"Sasa ukitoka humo utanifanya nini?"

Onesmus alitaka kusema hakuna. Lilikuwa neno rahisi, na alimpenda mtu yule kuliko mtu mwingine yeyote aliye hai. Mkono ulioshika simu ulikuwa umekaza hata vidole vimekufa ganzi, na mgongo mzima ulikuwa unamwuma. Alishukuru kwamba kati yao kulikuwa na kioo.